Cheki ya mkopo imerudi benki: SACCOS ifanye nini mpaka mahakamani

Mwongozo huu nimewaandikia makatibu, watunza hazina na wajumbe wa kamati za mikopo wa SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) za Pemba. Wenzetu wa Unguja utawafaa vilevile, maana sheria ni zile zile. Tutakwenda na mfano mmoja tokea mwanzo: mwanachama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake amekopa shilingi 6,000,000, amerejesha 1,850,000, kisha kimya. Kwenye jalada lake mna cheki ya shilingi 4,150,000 yenye sahihi yake. Mmeipeleka benki, imerudi.

Kwanza tuelewane: cheki si kesi. Kesi ni mkopo, na cheki ni kielelezo kimoja tu kati ya vielelezo vyake. Vyama vingi huingia mahakamani na cheki mkononi bila kitu kingine, vikiamini hakimu akiiona tu mambo yamekwisha. Halafu wakili wa mdaiwa anauliza: fedha mlimpa lini, mlimpa kwa njia gani, na nani aliyeijaza hii cheki? Hapo ndipo katibu anapoanza kupapasa mkoba.

Kabla ya yote: msikimbilie polisi

Najua ndilo wazo la kwanza linalokuja kwenye kikao. Mtu akiitwa kituoni anaogopa, na akiogopa hulipa. Lakini kesi ya jinai si yenu. Mkishapeleka malalamiko, jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, yeye ndiye anayeamua kushtaki au kutoshtaki, na SACCOS inabaki kuwa shahidi. Hamna uwezo wa kuiondoa mkipatana na mdeni, wala hamwezi kuiharakisha.

Tena kuna ugumu wa ushahidi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mtu huyu alikusudia kudanganya. Sasa ile cheki aliyoandika siku ya kuchukua mkopo, ikawekwa kwenye sefu kama dhamana, nyinyi wenyewe mkijua siku hiyo akaunti haina kitu, alimdanganya nani? Mliipokea mkijua. Hakimu atauliza hilo hata kama wakili hakuuliza.

Jinai ina mahali pake. Akaunti ikiwa ilishafungwa kabla hajaandika cheki, au kitabu cha cheki ni cha mtu mwingine, au sahihi imeghushiwa, nendeni polisi siku hiyo hiyo. Kwa mfano wetu wa duka la vifaa vya ujenzi, njia ni madai. Katika madai kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi: hakimu anapima upande gani una uzito. Na mwisho wake ni amri ya kulipwa, ambayo ndiyo mnayoitaka.

Hatua ya 1: Isomeni karatasi ya benki

Cheki hurudi na kikaratasi cha sababu. Kikaratasi hicho kina thamani sawa na cheki yenyewe, nacho ndicho kinachopotea kuliko kitu chochote katika ofisi zetu. Kitoeni nakala siku hiyo hiyo. Msipige stepla juu ya muhuri, msiandike juu yake kwa kalamu, na cheki msiikunje. Muhuri wa benki ukiwa umefifia hata tarehe haisomeki, rudini kaunta mkaombe barua ya kuthibitisha.

Kisha someni sababu, kwa sababu kila moja inaelekeza kesi njia yake.

"Fedha hazitoshi" haina utata, na kwenu ndiyo bora. Herufi R/D, yaani mrudieni mwenyewe aliyeandika, kwa kawaida ya mabenki huashiria jambo hilo hilo, ila haisemi waziwazi. Msitegemee benki iwape taarifa ya akaunti yake kwa kuomba tu, kwani siri ya mteja inalindwa. Mahakama ndiyo inayoweza kumwita ofisa wa benki aje na kumbukumbu, nanyi mtaomba aitwe wakati ukifika.

"Malipo yamezuiwa" maana yake mdeni mwenyewe aliiandikia benki isilipe. Tafuteni kwa nini kabla hamjafika mahakamani, huenda ana hoja. "Sahihi hailingani" ina makali kuwili: ama aliandika vibaya makusudi, ama si yeye aliyeandika. "Maneno na tarakimu havilingani" ni uzembe wa ofisini, hapo mwombeni cheki nyingine ikiwa bado mnasalimiana.

Halafu kuna hii ya cheki iliyopitwa na wakati. Kwa desturi ya mabenki, cheki ikishapita miezi 6 tangu tarehe iliyoandikwa, hailipwi. SACCOS iliyokaa na cheki kwenye sefu miaka 2 halafu ikaipeleka benki itarudishiwa kwa sababu hiyo, na karatasi hiyo haithibitishi hata kidogo kwamba mdeni hakuwa na fedha. Deni halifi, lakini cheki imekuwa karatasi ya kumbukumbu tu, na mzigo wote unahamia kwenye mkataba wa mkopo.

Na cheki tupu? Vyama vingi vinachukua cheki iliyotiwa sahihi bila tarehe wala kiasi, kisha vinaijaza mkopo ukiharibika. Sheria ya hati za malipo, kwa jumla, inamruhusu aliyekabidhiwa cheki ya namna hiyo kuijaza, kwa masharti mawili: aijaze ndani ya muda wa maana, na aijaze sawasawa na makubaliano. Mkijaza kiasi kinachozidi salio, hata kwa shilingi elfu hamsini za "gharama za ofisi", mmempa mdaiwa utetezi wa bure. Katika fomu yenu ya mkopo wekeni kifungu kinachosema cheki namba fulani imeachwa bila kiasi, na mkopaji anaidhinisha ijazwe kwa salio litakaloonekana kwenye leja. Atie sahihi hapo hapo, mbele ya shahidi.

Kama mkopo ni mkubwa, kumbukeni pia kwamba Benki Kuu iliweka ukomo wa shilingi 10,000,000 kwa cheki inayotoka benki moja kwenda nyingine. Ndiyo maana baadhi ya majalada yana cheki tatu nne za mtu mmoja. Kila moja na karatasi yake ya kurudi.

Hatua ya 2: Jengeni jalada

Kaeni meza moja, katibu na mtunza hazina, mpange karatasi kwa tarehe: fomu ya maombi, muhtasari wa kikao cha kamati ya mikopo kilichoidhinisha, mkataba wa mkopo, fomu za wadhamini, uthibitisho wa kutolewa fedha, leja ya mkopo, stakabadhi za marejesho, cheki, karatasi ya benki, barua za kumkumbusha. Za asili zote, si nakala.

Karatasi mbili kati ya hizo nazisisitizia.

Ya kwanza ni uthibitisho kwamba fedha zilimfikia. Mkataba unasema mlikubaliana, hausemi mlimpa. Kama mlimlipa kwa kuhamisha benki, ombeni taarifa ya akaunti ya SACCOS inayoonesha fedha zikitoka. Hiyo ni akaunti yenu, benki haiwezi kuwakatalia. Kama mlimpa taslimu, vocha lazima iwe na sahihi yake, na aliyempa fedha awepo kutoa ushahidi. Mhasibu aliyehamia Muscat ni tatizo, mtafuteni mapema.

Ya pili ni leja. Hesabu ya mfano wetu ni rahisi: 6,000,000 kutoa 1,850,000 ni 4,150,000. Lakini tuseme baada ya cheki kujazwa, mdeni alimrushia katibu shilingi 300,000 kwa simu, na katibu akaziingiza kwenye chama wiki iliyofuata. Deni sasa ni 3,850,000, cheki inasema 4,150,000. Daini 3,850,000, na katika hati yenu elezeni wazi tofauti imetoka wapi. Mkidai kiasi cha cheki, mdaiwa atatoa ujumbe wa simu wa zile laki tatu, na kuanzia hapo hakimu atasoma leja yenu yote kwa jicho la shaka.

Suala la riba nalo. Kama SACCOS yenu inakopesha kwa njia za Kiislamu, mkamnunulia bati na saruji mkamuuzia kwa bei ya faida, basi mnachodai ni salio la bei ya mauzo. Andikeni hivyo hivyo, na neno riba lisionekane popote. Kama mnakopesha kwa riba, tenganisheni asili ya mkopo na riba, na adhabu za kuchelewa kwenye mstari wake peke yake, ili hakimu akikataa kimoja visianguke vyote.

Msidharau simu. Ujumbe wa WhatsApp wa namna hii: "Assalamu alaykum katibu, deni nalitambua, nivumilie mpaka msimu wa karafuu," ni kukiri deni kwa maandishi. Msiufute, msibadilishe simu bila kuuhifadhi, na picha yake ichapishwe ikionesha namba na tarehe. Kukiri kwa maandishi kunasaidia pia upande wa ukomo wa muda, kwa kuwa kwa kawaida hesabu huanza upya tangu siku ya kukiri, alimradi muda wa kudai ulikuwa haujaisha. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo wa madai, na muda wake usiuchukue kwenye kitabu cha Bara. Fungueni mapema, basi.

Hatua ya 3: Katiba ya chama, kisha Mrajis

Hapa ndipo kesi huanguka hata kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Mdeni wenu ni mwanachama. Mzozo kati ya chama cha ushirika na mwanachama wake una njia yake katika sheria ya ushirika, na mara nyingi katika katiba ya chama chenyewe: kamati kwanza, mkutano, kisha Mrajis wa Vyama vya Ushirika au msuluhishi anayemteua. Mkiruka hatua hiyo, wakili wa mdaiwa ataleta pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka kwa sasa, na akishinda mnarudi nyumbani na gharama juu.

Kwa hiyo isomeni katiba yenu, kifungu cha migogoro, neno kwa neno. Kama inasema mzozo upelekwe kwa Mrajis, mwandikieni kupitia ofisi ya ushirika ya Pemba, ambatanisheni jalada, na ombeni jibu la maandishi. Hata akisema tu kwamba usuluhishi umeshindikana na chama kiendelee mahakamani, barua yake hiyo ni ngao. Baadhi ya mizozo humalizika hapo hapo, mwanachama akiona Mrajis ameingia.

Tahadhari moja kwa wanaosoma miongozo ya mtandaoni. Mingi imeandikwa kwa ajili ya Bara. Inataja Tume ya Maendeleo ya Ushirika ya Dodoma na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ushirika si jambo la Muungano, na mahakama zetu ni zetu mpaka Mahakama Kuu ya Zanzibar. Mahakama ya Rufani pekee ndiyo tunayoshirikiana. Ukinukuu kifungu cha Bara kwenye hati ya madai Wete, utachekwa kimyakimya.

Hatua ya 4: Barua ya madai

Barua iwe fupi, ya heshima, isiyo na vitisho. Msiandike "usipolipa tutakufunga". Vitisho vya jinai ili kulipwa deni husomeka vibaya mbele ya hakimu, na hamfungi mtu nyinyi. Mfano:

"Bwana Fulani, tarehe fulani ulipewa mkopo wa shilingi 6,000,000 chini ya mkataba namba fulani. Mpaka leo umerejesha shilingi 2,150,000. Cheki yako namba fulani ya shilingi 4,150,000 iliwasilishwa benki tarehe fulani na ikarudi bila kulipwa kwa sababu iliyoandikwa kwenye karatasi ya benki, nakala imeambatanishwa. Baada ya kutoa malipo yako ya mwisho, salio ni shilingi 3,850,000. Tunakuomba ulilipe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, au ufike ofisini tupange. Vinginevyo chama kitafungua madai mahakamani pamoja na gharama."

Andikieni wadhamini pia, kila mmoja barua yake. Inatia uchungu kumwandikia mwalimu wa skuli ya kijijini kwenu aliyemdhamini shemeji yake, lakini mdhamini asiyearifiwa mapema huwa shahidi wa upande wa pili. Barua zipelekwe kwa mkono na daftari la kupokelea. Akikataa kutia sahihi, aliyepeleka aandike hapo hapo siku, saa, mahali na nani alikuwepo.

Hatua ya 5: Nani anamdai nani, na wapi

Mdai ni SACCOS kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Mwenyekiti hadai kwa jina lake. Kamati ikae, ipitishe azimio la kufungua kesi na kumtaja mtu atakayekiwakilisha chama, muhtasari utiwe sahihi.

Mdaiwa ni suala la kutazama kwa makini. Itazameni tena ile cheki: jina lililochapishwa chini ni la nani? Kama mkopo ulichukuliwa na mwanachama binafsi lakini cheki ni ya kampuni yake, kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Mwanachama anadaiwa kwa mkataba wa mkopo, kampuni kwa cheki. Wengi humdai mmoja tu na kumkosa yule mwenye mali. Kama duka ni jina la biashara tu, lisilo kampuni, mdaiwa ni mwenyewe. Wadhamini waungwe wote kama wadaiwa wa pili, wa tatu na kuendelea.

Kama mdeni amefariki, msikimbilie warithi mmoja mmoja. Deni hutolewa kwenye mali ya marehemu kabla ya mirathi kugawiwa, na kwa Waislamu wa Zanzibar mirathi hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Pelekeni madai yenu huko mapema na vielelezo vyake.

Mahali pa kufungua ni pale mdaiwa anapokaa au anapofanyia kazi, au pale mkopo ulipotolewa. Kiasi cha madai ndicho kinachoamua ngazi ya mahakama. Nendeni masjala ya mahakama ya Chake Chake, Wete au Mkoani mkiwa na takwimu kamili ya deni, karani atawaambia ni ngazi gani na ada yake kiasi gani. Lipeni kwa njia rasmi ya Serikali na msiondoke bila risiti.

Wakili si lazima kwa kila kesi. Zanzibar tuna mawakili na tuna mavakili wanaoruhusiwa kusimama katika mahakama za chini, na kwa deni la ukubwa huu vakili mzoefu anatosha. Kwa wadhamini wasio na uwezo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba, na wasaidizi wa sheria wapo kwenye shehia nyingi. Waambieni hivyo, hata kama ni wapinzani wenu: mdhamini aliyeshauriwa vizuri hupatana haraka.

Hatua ya 6: Hati ya madai

Aya fupi, kila aya jambo moja, kwa mpangilio wa tarehe. Wahusika na anwani zao, pamoja na shehia. Mkopo ulivyotolewa. Marejesho. Cheki na kurudi kwake. Barua. Salio. Mrajis. Mamlaka ya mahakama. Kisha maombi.

Lililo kubwa ni kudai kwa miguu miwili: kwa cheki na kwa mkataba. Andikeni kwa mfano: "Kwamba mdaiwa wa kwanza anadaiwa shilingi 3,850,000 ikiwa ni salio la cheki iliyorudi, na pasipo hilo, kiasi hicho hicho ikiwa ni salio la mkopo chini ya mkataba." Cheki ikikataliwa kwa kasoro yoyote, mguu wa pili bado umesimama. Anayewaandalia hati mwulizeni pia kuhusu utaratibu wa mkato wa madai ya hati za malipo, ambao mdaiwa lazima aombe ruhusa kabla ya kujitetea. Kwa cheki isiyo na mushkeli unaokoa miezi.

Hatua ya 7: Samansi imfikie

Hapa kesi hulala usingizi. Anwani ya "Chake Chake" haitoshi. Mpeni mfikishaji wa samansi (hati ya kumwita mdaiwa mahakamani) jina la shehia, alama ya karibu, namba ya simu, na ikiwezekana mtu wa kumwongoza. Sheha anamjua kila mtu wake, na mara nyingi mlango unafunguliwa kwa sababu amesimama yeye. Kama mdaiwa anajificha, ombeni mahakama iruhusu njia nyingine ya kumfikishia, kama kubandika mlangoni au kutangaza. Akishafikishiwa na asitokee, mtaomba kuendelea upande mmoja, lakini bado mtatoa ushahidi, hukumu haitoki hivi hivi.

Hatua ya 8: Utetezi, na mlango wa sulhu

Utetezi mtakaousoma una nyuso chache zinazojirudia: cheki ilikuwa dhamana na si malipo, nimeshalipa zaidi ya wanavyosema, niliitia sahihi ikiwa tupu, sahihi si yangu. Mkiwa mmefanya hatua ya 1 na ya 2, majibu mnayo tayari.

Sulhu msiikatae kwa jazba. Mkipatana, masharti yaandikwe, yasainiwe na pande zote wakiwemo wadhamini, yawasilishwe mahakamani na yawe hukumu ya makubaliano. Makubaliano ya barazani hayakazwi, yaani mahakama haiyatekelezi kwa nguvu. Awamu zifuate kipato cha mtu: mwenye mashamba ya mikarafuu alipe zaidi wakati ZSTC, shirika la Serikali la biashara, inanunua karafuu, mwenye duka alipe kila mwezi. Wekeni kifungu kwamba akikosa awamu moja, salio lote linadaiwa mara moja.

Hatua ya 9: Kutoa ushahidi

Shahidi wenu wa kwanza awe mtunza hazina, si mwenyekiti. Mwenyekiti hujua habari, mtunza hazina hujua karatasi. Zoezeni masuala kabla, si kwa kutunga majibu bali kwa kukumbuka. Maswali yatakuja hivi:

"Shahidi, ulikuwepo cheki hii ikiandikwa?"

"Sahihi ilitiwa mbele yangu, Mheshimiwa. Kiasi nilikijaza mimi, tarehe iliyopo, kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha mkataba."

"Kumbe ulijaza wewe!"

"Ndiyo. Na kiasi ni salio la leja la siku ile."

Hilo ndilo jibu. Aliyesema "sikumbuki" au "aliijaza mwenyewe" wakati wino ni wa kalamu ya ofisini amejimaliza. Vielelezo vya asili vitolewe mmoja mmoja, kila kimoja na maelezo yake, na leja aitoe anayeiandika. Kama mdaiwa amekana sahihi, ombeni ofisa wa benki aje na kadi ya sahihi. Kanzu safi haidhuru, ila hakimu atatazama karatasi.

Hatua ya 10: Kukaza hukumu

Mkishinda, fedha haziji zenyewe. Omba nakala ya hukumu na ya amri ya madai, kisha fungueni maombi ya kukaza mkitaja mali kwa majina: gari kwa namba yake, bidhaa za duka, akaunti ya benki, mshahara kama ni mtumishi. Ndio maana orodha ya mali ianze kutayarishwa siku ya barua ya madai, duka likiwa bado limejaa bati. Ardhi ina taratibu zake ngumu, acheni iwe ya mwisho. Vyombo vya kupikia, nguo, malazi na zana za kazi za mtu haviguswi, hata vikao vyenu vikikasirika.

Kifungo cha madai kipo, lakini anayeomba afungwe mdeni ndiye anayelipia posho yake ya chakula akiwa ndani, na aliyefungwa hafungui duka. Sikipendekezi, ila kwa yule mwenye mali anayeificha waziwazi.

Kila anachokilipa baada ya hukumu kiandikiwe stakabadhi ya SACCOS, kionekane kwenye leja, na mahakama iarifiwe. Akimaliza, andikeni barua ya kukiri malipo yote, iwekwe kwenye jalada la mahakama, wadhamini wapewe nakala zao, kisha ombeni cheki irudishwe kutoka kwenye vielelezo mumkabidhi mwenyewe kwa sahihi.